Nani Kasema Jangwa Ni Tupu?

Washairi wetu wa mwambao wana deni na jangwa. Kwa muda mrefu wamelitumia neno hili kama mtu anavyomtumia punda wa jirani: humtwika kila mzigo wasioutaka ndani ya nyumba zao, na jioni humrejesha bila ya kumnywesha maji. Moyo uliokosa mapenzi ni jangwa. Kichwa kisicho elimu ni jangwa. Nchi iliyokosa uadilifu ni jangwa, na nyumba iliyofiwa na mama ni jangwa pia. Neno lenyewe limekaa vizuri kwenye ukwapi na kwenye utao, na kina chake kinasikilizana bila ya taabu na kufungwa, kutengwa na kupingwa. Basi mshairi akishikwa na haraka, au akiishiwa, hulichota jangwa, akalimimina mwishoni mwa mshororo, na wasomaji tukatikisa vichwa kuwa tumefahamu. Tumefahamu nini? Kwamba pale hapana kitu.

Nadai kwamba hii si hiari ya mshairi tu, wala si kosa dogo la uvivu wa kalamu. Neno linalotamkwa kila siku kwa maana ya utupu hutoka katika shairi likaingia katika ramani, na kutoka katika ramani likaingia katika amri. Na ardhi iliyokwisha kuitwa tupu haina wa kuililia inapochukuliwa. Ushahidi wangu ni jangwa moja la Oman, nchi ambayo watu wa visiwa hivi wanaijua kwa damu, kwa barua na kwa tende, lakini ambayo mbuga zake za ndani wengi wetu tumezipita tu tukiwa tumesinzia garini.

Ukitoka Maskati kwa barabara ya Salala, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 500 utafika Hayma, mji mdogo ulio makao makuu ya Mkoa wa Al Wusta. Mashariki ya hapo limetandazwa bamba kubwa la mawe na changarawe liitwalo Jiddat al-Harasis, yaani jidda ya Waharasi, kwa jina la kabila lililoishi humo. Kwa saa kadhaa macho hayapati pa kushika: ardhi sawa, mgunga mmoja mmoja uliopindishwa na upepo, na alama za magurudumu zinazokwenda kila upande. Hapo ndipo msafiri mwenye haraka hutoa hukumu yake. Lakini bamba lile lina ukingo. Likifika upande wa bahari huporomoka ghafla, na chini ya miguu yako unaona Huqf: majabali yaliyokatwa, vilima vilivyochongwa, na mbele yake ardhi ya chumvi inayong'aa, kisha kwa mbali Bahari ya Uarabuni.

Wageni wanaokwenda Oman huijua Nizwa na ngome yake, huijua Jabal Shams, na huujua mchanga wa Wahiba ambako hupangishwa mahema yenye mazulia. Huqf hawaitaji. Hapana jukwaa la kupigia picha wala mtu wa kukuuzia kahawa. Na eneo la hifadhi lenyewe haliingiwi ila kwa ruhusa. Mimi nilifika mwezi wa Januari, pamoja na jamaa zangu wa Maskati ambao tangu walipohamia huko hawakuwahi kuupita mji wa Hayma ila kwa kutia petroli.

Rangi za pale zinataka msamiati tulionao sisi lakini tusioutumia. Kuna weupe wa chokaa iliyozimwa jana, na umanjano wa bizari. Kuna wekundu wa vyungu vilivyotoka tanuri, na juu yake utepe wa zambarau iliyokoza kama ganda la bilingani, halafu chini yake tabaka nyembamba ya kijani kilichofifia, mfano wa sarafu ya shaba iliyosahauliwa. Wekundu na umanjano ni kazi ya chuma kilichomo ndani ya mawe, ambacho hewa na maji vimekibadilisha kwa zamani nyingi. Na upepo, ambao hauna kazi nyengine, umeyachonga mawe laini ukaacha yale magumu, hata jiwe moja limesimama juu ya shingo nyembamba kama uyoga, na jengine limetobolewa tundu unaloweza kupitisha mkono. Asubuhi vivuli hurefuka na tabaka zote huhesabika. Adhuhuri kila kitu huwa cheupe. Kabla ya magharibi rangi hurudi, lakini si zile za asubuhi.

Sasa, mawe haya si pambo tu. Tabaka zake za chini zilijilaza zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita, chini ya bahari, kabla dunia haijawa na samaki wala mti. Karibu miaka milioni 300 iliyopita, zama ambazo Bara Arabu na Afrika zilikuwa zimeungana katika bara moja kubwa la kusini, barafu nzito ilitembea juu ya miamba hii. Naam, barafu. Mahali paitwapo Al Khlata mwamba umeparurwa michirizi iliyonyooka, kama meza ya seremala iliyoburutiwa randa mbovu, na michirizi hiyo haikufutika hadi leo. Mshairi anayetaka mfano wa ukame aje kwanza ausome mwamba huu uliowahi kulaliwa na barafu, kisha aniambie kama bado jangwa ni neno jepesi.

Na kuna jambo jengine la mawe haya ambalo linanipeleka kwenye ugomvi wangu. Tabaka hizi zinazoonekana Huqf kwa rangi zake ndizo zinazozama chini ya ardhi kuelekea magharibi, na huko chini zimezaa sehemu kubwa ya mafuta ya Oman, mafuta yanayohesabiwa miongoni mwa makongwe kabisa duniani. Juu ya ardhi ni uzuri, chini ya ardhi ni mali, na jiwe ni lile lile. Nchi iliyojenga hospitali, skuli na barabara baada ya 1970 ilizijenga kwa fedha za jiwe hilo. Sina neno la kulilaumu jiwe, wala siwalaumu watu waliotaka watoto wao wasome. Lakini tukumbuke kwamba kule kulikosemwa hakuna kitu, kulikuwa na kila kitu.

Maji je? Hili ndilo swali la kwanza la mtu wa kisiwani, na ni swali la haki. Kabla ya wachimbaji wa mafuta kufukua visima katika miaka ya 1950, Jidda haikuwa na maji ya kunywa ya kudumu. Waharasi waliishi kwa maziwa ya ngamia na mbuzi, na kwa ukungu. Huu ukungu una uhusiano nasi. Kusi, upepo ule ule uliokuwa ukiyarejesha majahazi kutoka Unguja na Lamu, unapopita kando ya Oman huyasukuma maji ya juu ya bahari, na maji baridi yakapanda kutoka chini. Hewa yenye unyevu ikiugusa ubaridi huo hugeuka ukungu. Ukungu na umande wa bahari ile, kila kimoja kwa majira yake, huingia bara ukayanywesha majani ya migunga, ukaacha matone juu ya mawe, na mimea ambayo haimei popote pengine duniani ikaishi kwa matone hayo. Shirika la UNESCO lilipoiandika mbuga hii katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994, ukungu na umande ndivyo vilivyotangulizwa katika sifa zake. Kwa hivyo upepo tuliousifu katika nyimbo zetu za bahari ukimaliza kazi ya kusukuma tanga huenda jangwani kunyonyesha. Sijaona shairi la Kiswahili lililoufuata upepo huo hadi huko. Tumeuachia ufukweni, kama kwamba ukishatua nanga unakufa.

Na kuna mnyama. Waarabu humwita maha; Kiswahili chetu kina neno choroa. Huyu wa Uarabuni ni mdogo kuliko choroa wa Afrika, mweupe mwili mzima, miguu ya hudhurungi, pembe mbili ndefu zilizonyooka. Ushairi wa Kiarabu umemfananisha mpenzi na mnyama huyu kwa zaidi ya miaka elfu. Macho ya maha ni msemo wa kila mtu aliyesoma ghazali. Wasichana wa Oman hupewa jina hilo. Hata petroli: kwa miaka mingi madereva wa nchi ile wamejaza magari yao katika vituo vinavyoitwa Al Maha. Mnyama huyo wa mashairi, mwenye jina katika midomo ya wote, alipigwa risasi hadi akamalizika. Wa mwisho kati ya wale waliokuwa wakijitembelea bure duniani waliuawa mwaka 1972, tena hapo hapo Jiddat al-Harasis.

Alirudi kwa njia ya mbali. Mwaka 1962 wachache walikuwa wamekamatwa katika himaya ya Aden kabla hawajamalizwa, wakapelekwa Phoenix, Arizona, wakachanganywa na wengine waliotolewa na watawala wa Kiarabu, wakazaana. Mwaka 1980 kundi la kwanza likaletwa Jaaluni, katika Jidda, kwa amri ya Sultan Qaboos, na mwaka 1982 lango likafunguliwa. Walinzi waliowekwa walikuwa Waharasi wenyewe, watu waliojua kusoma nyayo juu ya changarawe kama msomi anavyosoma hati iliyofifia. Ilipofika 1996 choroa wa porini walikuwa karibu 450. Wakati huo hifadhi ilikuwa na kilomita za mraba 27,500, na ndani yake mlikuwa na paa kwa maelfu, mbuzi mwitu wa majabalini katika Huqf, simbamangu, nyegere, mbwa mwitu, na tandawala anayetaga katika nyanda zake. Huo ndio utupu wetu.

Kisha ukaja wizi. Tangu 1996 choroa, hasa majike, walianza kukamatwa wakiwa hai na kuvushwa mpaka wauzwe kwa matajiri wenye bustani za wanyama. Wengi walikufa njiani. Hawakuwindwa na njaa, msomaji wangu. Waliwindwa na fahari. Na mwaka 2007, mwanzoni mwake, serikali ya nchi ikaikata hifadhi hiyo ikaondoa asilimia 90 ya eneo lake, ikabaki kilomita za mraba 2,824. Wajumbe wa Urithi wa Dunia walipokutana Christchurch mwezi wa Juni mwaka ule walielezwa kwamba choroa waliobaki ni 65, na kwamba jozi zinazoweza kuzaa ni nne. Walielezwa pia kuhusu utafutaji wa mafuta na gesi katika eneo lililoachwa. Wakaifuta mbuga ile katika orodha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu orodha hiyo ianzishwe mahali popote duniani kufutwa.

Kwa msomaji wa visiwani nitazipima namba hizo kwa kipimo cha nyumbani. Kilichobaki kinazidi kidogo Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Kilichokuwapo kilikuwa Unguja na Pemba mara kumi. Ziondoe Unguja tisa na Pemba tisa kwa kalamu moja, halafu sikiliza nani analia.

Hakulia mtu, au waliolia walikuwa wachache na wataalamu. Jiji la Dresden lilipofutwa mwaka 2009 kwa ajili ya daraja, na Liverpool mwaka 2021 kwa ajili ya majengo ya bandarini, magazeti ya nchi nyingi yaliandika kwa majonzi au kwa hasira, na hata huku kwetu, watu wa Mji Mkongwe walitazamana wakajiuliza zamu yetu ni lini. Jiddat al-Harasis ilitangulia, na imebaki kuwa swali la chemshabongo: taja mahali pa kwanza pa kufutwa. Ilikuwa jangwa. Jangwa likipungua, watu hudhani kwamba ni heri.

Hapa ndipo ninapowashika mashairi na washairi. Lugha ya Kiswahili, kwa watu wake wa Unguja, Mombasa, Lamu, na kwa maelfu wanaoizungumza Maskati na Nizwa, ilikuwa na haki ya kusema neno juu ya jambo hili kuliko lugha nyingi za Ulaya zilizolisema. Tunawajua watu wale, tunaujua upepo ule, na tumejifunza kutunga kwa kuwaangalia Waarabu. Nani kati yetu aliitungia beti moja? Hatukuweza, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuitunga kabla haijafa: tulikwisha kusema ni tupu, ni kavu, ni kifo. Huwezi kuomboleza maiti uliyemtangaza maiti tangu yu hai.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba jangwa la mshairi ni istiara, na istiara haina longitudo wala latitudo. Kwamba anayesema moyo wangu ni jangwa hazungumzii Oman. Nitaambiwa kwamba kwa mantiki yangu itabidi pia tuwaombe radhi fisi na punda. Jawabu langu ni kwamba istiara nzuri huchukua kitu kinachojulikana ikakimulika kisichojulikana. Mtungaji wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kutuonyesha utupu wa dunia hakutupa neno moja la jumla akaenda zake. Alituingiza katika majumba ya Pate yaliyobomoka, akatutembeza chumba hadi chumba, akatuonyesha zilipokuwa taa, vilipokuwa vyombo vya kaure, na sasa wanaishi nini humo. Utupu wake umejaa vitu. Aliuhesabu. Ndiyo maana mpaka leo unatutia baridi. Jangwa la washairi wetu wa siku hizi halina hata jiwe moja lenye rangi. Halikumulika kitu kwa sababu mwenyewe halijapata kuonekana.

Tena tuangalie tulikotoa kanuni zetu. Sehemu ya istilahi tunazopimia mashairi, bahari na beti, ni za Kiarabu. Kasida kongwe za Kiarabu, za kina Imru' al-Qays na Labid, huanza na mtu aliyesimama mbele ya alama za kambi iliyohamwa. Lakini mtu yule hutaja mabonde kwa majina, hutaja mchanga unapopindia, hutaja mimea na wanyama waliohamia pale baada ya wenyewe kuondoka. Tulichukua majina ya vipimo, tukayaacha macho. Hata lile jangwa kubwa ambalo ramani huliita Rub' al-Khali, Robo Tupu, mabedui waishio pembezoni mwake wamezoea kuliita Ar-Rimal, michanga, kwa kuwa wanajua mmejaa nini. Utupu ni jina la mpitaji.

Na Waharasi? Wao ni watu elfu chache. Wana lugha yao, Kiharsusi, ambayo si lahaja ya Kiarabu bali ni mojawapo ya lugha sita kongwe za kusini mwa Bara Arabu, ndugu wa Kimehri na wa lugha ya Sokotra, na wasemaji wake wanazidi kupungua kila kizazi kinapoingia skuli ya Kiarabu. Mwanazuoni T. M. Johnstone aliichapishia kamusi mwaka 1977. Mtu aliyelelewa kwa ushairi akisikia kwamba jangwa moja lina lugha nzima isiyozungumzwa popote pengine, je, atathubutu tena kuliandika jangwa kwa maana ya kimya? Mwanaanthropolojia Dawn Chatty, aliyefanya kazi na kabila hili tangu miaka ya 1980, ameandika kwa uchungu kwamba hata mpango wenyewe wa kumrudisha choroa, pamoja na wema wake, ulichorwa na wataalamu wa nje kama vile ardhi ile haina wenyewe. Waharasi waliajiriwa kulinda, hawakuulizwa kupanga. Kumbe hata rafiki wa jangwa alilikuta tupu. Aliwaona wanyama asiwaone watu, na aliyekuja baada yake hakuwaona wanyama pia.

Si Oman peke yake. Wafaransa walipotafuta pa kulipulia bomu lao la kwanza la nyuklia, tarehe 13 Februari 1960, walikwenda Reggane, katika Sahara ya Algeria. Wamarekani walilipua yao katika jangwa la Nevada kuanzia 1951 hadi 1992, katika ardhi ambayo Washoshone wa Magharibi wanaidai kuwa yao kwa mkataba. Mara zote sababu iliyotolewa ilitangulia kuwa ni neno la mshairi mvivu: pale hapana kitu.

Wala tusijifanye kwamba maradhi haya hayako kwetu. Watu wa miji ya mwambao waliita ardhi kavu iliyo nyuma yao nyika, na waliokaa humo wakawaita Wanyika, jina lililobeba dharau hata wenyewe wakalikataa, na katika miaka ya 1940 wakajikusanya chini ya jina la Mijikenda. Nyika ile ina kaya zenye misitu mitakatifu ambayo tangu 2008 imo katika orodha hiyo hiyo ya Urithi wa Dunia. Na ukipita Malindi kuelekea bara utafika Marafa, ambako korongo la Nyari limechongwa na mvua kwa rangi za waridi, nyeupe na nyekundu, dada mdogo wa Huqf, na wageni wa Ulaya wanalijua kuliko vijana wa Lamu. Huku Unguja tuna maweni. Mashariki ya kisiwa, ardhi ya mawe ya matumbawe, wazee walilima katika mifuko ya udongo iliyo baina ya jiwe na jiwe, wakajua kila mfuko una nguvu gani na upumzishwe miaka mingapi. Wenye mikarafuu waliyadharau maweni. Yalipokuja mahoteli, ardhi ile ikaonekana katika karatasi kuwa haitumiki. Nani aliyewapa waandishi wa karatasi hizo msamiati wao? Sisi, kwa vicheko vyetu vya mjini juu ya watu wa maweni.

Kwa hivyo sitaki kuambiwa kwamba nazungumzia choroa wa mbali. Nazungumzia tabia ya lugha yetu, lugha ambayo jina lake lenyewe linatoka kwa sawahil, wingi wa sahil, ufuko. Neno hilo hilo ndilo lililoupa jina ukanda wa Sahel, kwa kuwa wasafiri wa Kiarabu waliiona Sahara kuwa bahari na ukingo wake kuwa pwani. Waliliona jangwa kuwa bahari, lenye njia, lenye bandari, lenye majira ya kusafiri na majira ya kungoja. Sisi tunaojisifu kwa kuijua bahari tungalipaswa kuwa wa mwanzo kuutambua ukweli huo. Hakuna mtu wa mwambao anayesema bahari ni tupu kwa kuwa juu yake haoni nyumba.

Mnyama, kwa bahati, hakumalizika. Waliokuwa wamerudishwa mazizini kabla ya wezi kuwafikia wamezaana, na leo katika Hifadhi ya Al Wusta, huko huko Jaaluni, wapo kwa mamia, wengi ndani ya uzio. Katika Bara Arabu nzima hali yake imetengenea kiasi cha kwamba mwaka 2011 alipandishwa daraja kutoka wanyama walio hatarini hadi wale walio katika mashaka tu, daraja ambayo haijapata kufikiwa kabla yake na mnyama aliyewahi kuorodheshwa kuwa amemalizika porini. Hii ni habari njema na naikubali kwa mikono miwili. Lakini choroa wa ndani ya uzio ni sawa na neno la ndani ya kamusi: yu hai, hakuna anayemtamka. Kilichomfanya maha kuwa maha ni kwamba alinusa mvua kwa mbali akaifuata kwa siku nyingi, na kufuata huko kunataka kilomita zile zilizokatwa.

Kila mwaka, mwezi wa Julai na wa Agosti, familia kwa mamia zinazozungumza Kiswahili hutoka Maskati na Nizwa kwa magari kwenda Salala kuangalia kharifu: milima ya kijani, manyunyu, madafu kando ya barabara. Nawaelewa; kijani kile kinawakumbusha Pemba. Wanaondoka alfajiri, wanafika Hayma wamechoka, wanatia petroli, wanakunywa chai ya maziwa, watoto wanauliza hapa ni wapi, na mkubwa mmoja anajibu bila ya kugeuka: hapana kitu hapa. Miongoni mwao wamo watungaji ninaowajua, wenye diwani zao, na nimesoma humo majangwa ya kila namna. Kwao nina ombi moja. Msafara ujao usiwe wa Agosti, joto litawaueni. Uwe wa Januari. Ombeni ruhusa, chukueni dereva anayeijua njia, na mkifika Hayma kateni kushoto. Mkae ukingoni mwa Huqf tangu alasiri hadi jua lizame, na kila mmoja aandike majina ya rangi atakazoziona, kwa Kiswahili, bila ya kurudia. Mtakapoishiwa na majina, mawe yatakuwa bado hayajaisha.